Mtoto Amwandae Farasi Mwenyewe

Mtoto akishaandikishwa katika mashindano yake ya kwanza ya farasi, wazazi wengi hukimbilia dukani. Koti jeusi, buti za ngozi, suruali nyeupe, glavu, na fimbo fupi ambayo mtoto hajui hata kuishika. Pesa hizo zingekaa mfukoni kwanza. Nguo zina siku yake, na siku yenyewe bado iko mbali. Wiki sita zinazotangulia mashindano zina maswali mengine: nani anamtoa farasi zizini asubuhi, nani anamkwangua kwato, nani ametambua kwamba jana hakumaliza nyasi zake? Ikiwa jibu la kila swali ni "saisi", basi anayejiandaa ni saisi, yule mtunza farasi wa zizi, na mtoto anakwenda kupanda farasi wa mtu.

Ushauri wangu ni kwamba kazi hizo zifanywe na mtoto, saisi akiwa kando akimwelekeza. Hata kama mtoto ana miaka tisa. Hata kama shughuli ya dakika ishirini itakula saa nzima.

Nawaandikia hasa wazazi ambao, kama mimi, hawakulelewa na farasi. Mchezo huu uliletwa Kenya na walowezi, na kwa muda mrefu ukabaki wao. Leo katika mazizi ya Karen, Lang'ata, Limuru, Gilgil na Nanyuki utawakuta watoto wa jamii mbalimbali, na kando ya uwanja wamesimama wazazi wasiojua hata farasi anaguswa wapi kwanza. (Anaguswa begani, upande wa kushoto, baada ya kusemeshwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Anayemjia kutoka huko humshtua.) Na anayedhani kumkabidhi mtoto mnyama ni wazo la kigeni aende Lamu wakati wa Maulidi atazame mbio za punda. Wale vijana hawakuletewa punda aliyekwisha kuandaliwa. Wameshinda naye mwaka mzima akibeba mchanga na mawe ya kujengea, na wanajua ni kitu gani humfanya agome. Hata Pony Club, chama cha watoto wapanda farasi kilichoanzia Uingereza mwaka 1929 na ambacho kipo Kenya pia, hakimpandishi mtoto daraja kwa kupanda tu: humpima na utunzaji wa mnyama.

Basi tuanze na saisi. Huyu ndiye mwalimu ambaye hamumlipi kama mwalimu. Wengi wao walijifunza kwa baba zao au katika uwanja wa mbio wa Ngong, na wanaweza kukuambia farasi anaumwa mguu gani kabla hajatoka mlangoni, kwa kusikiliza tu mlio wa hatua zake kwenye saruji. Lakini saisi ana kasoro moja isiyo yake: amezoeshwa kumhudumia mpandaji. Mtoto akishuka garini, farasi tayari amesuguliwa, ametandikwa, anangojea. Ukitaka mtoto ajifunze, zungumza na saisi waziwazi, mbele ya mwenye zizi, kwamba kuanzia leo mtoto atamtandika mwenyewe, na kwamba saisi hatalaumiwa mkichelewa uwanjani. Tena mpatane malipo ya ziada. Kumfundisha mtoto kufunga mkanda wa tumbo ni kazi kubwa kuliko kuufunga, na si haki ifanywe bure kwa kuwa tu saisi ni mpole.

Mtoto naye afunzwe kusalimia na kuuliza. "Mzee, habari ya asubuhi? Ameamkaje?" Jibu atakalopata lina thamani kuliko nusu saa ya mazoezi: "Ameamka vizuri, ila maji hakunywa sana. Leo usimkimbize mpaka anywe." Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, kutegemea ukubwa, joto na kazi, kwa hiyo ndoo iliyobaki imejaa asubuhi ni habari. Mtoto ambaye hakuuliza hataijua, na hakuna mwamuzi atakayemwambia kwamba farasi wake alikuwa mzito kwa sababu ya ndoo.

Kuhusu farasi mwenyewe nitasema machache, maana wengi wenu mmekwisha kupewa wa kupanda na zizi. Kama mnanunua au mnakodi, msivutiwe na farasi aliyestaafu mbio. Ni mrembo, na mara nyingi bei yake haitishi, lakini amefunzwa kitu kimoja tangu akiwa mdogo: akisikia wenzake wanakimbia, naye akimbie. Mtoto anayeanza anahitaji poni, yaani farasi asiyezidi sentimita 148 kwenye kilele cha mabega, aliyetulia, mwenye umri wa kutosha kuwa ameshaona mahema, bendera na vipaza sauti. Poni wa miaka 15 aliyezoea mashindano ni bora mara kumi kuliko wa miaka minne mwenye sura ya kupigwa picha. Uzito nao uangaliwe: mtoto pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama, na ni vema wakiwa chini ya hapo.

Afya ni ya daktari wa mifugo, lakini macho ya kila siku ni ya mtoto. Afundishwe kupima joto la mwili. La kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Afundishwe kuinua mdomo wa juu na kutazama fizi: ziwe na rangi ya waridi, zikiwa zimepauka au zina umanjano aite mtu mzima mara moja, kwa sababu huku kwetu kupe huambukiza farasi homa inayoharibu chembe nyekundu za damu. Kupe wenyewe watafutwe kwa vidole, maana macho hayatoshi: ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya miguu ya nyuma. Kazi hii watoto huichukia wiki ya kwanza na kuishindania wiki ya tatu.

Ugonjwa mkuu wa farasi wa bara letu ni ule unaoletwa na virusi na kuenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, hasa baada ya mvua. Pundamilia hukaa na virusi hivyo bila kuumwa. Farasi asiyechanjwa anaweza kufa katika siku chache. Kwa hiyo chanjo ni ya lazima, na haipangwi wiki ya mashindano, kwani baada ya kuchanjwa farasi hupumzishwa kazi nzito kwa muda atakaousema daktari. Panga tarehe hizo mapema, kisha mwachie mtoto jukumu moja dogo: farasi awe ndani kabla jua halijazama. Anayepiga simu zizini saa kumi na mbili jioni kuuliza kama ameingizwa ni mtoto, na mzazi atoe simu tu.

Kuna hatari moja ambayo mtoto aijue kama anavyolijua jina lake. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota, kilichomo hakina pa kurudi, na hali huweza kuwa mbaya kwa saa chache. Akimwona anageuza kichwa kutazama ubavu wake, anapiga ardhi kwa mguu, anajilaza na kujigaragaza, hagusi chakula, na zizini hakuna kinyesi kipya, asiingie kumbembeleza. Farasi anayejigaragaza kwa maumivu haoni mtu. Amwite saisi, chakula kiondolewe, daktari apigiwe. Basi.

Sasa kwato, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtoto hugeuka kuwa mtu wa farasi. Saisi mmoja mzee wa Ngong ninayemfahamu huwafundisha watoto hivi. Simama begani, uso wako ukielekea mkiani. Weka mkono begani kwake, uteremshe polepole nyuma ya mguu hadi juu ya kifundo, kisha ubane kidogo na useme, "Mguu!" Usivute. Mpe nafasi ahamishe uzito; akishauhamisha, mguu unakuja wenyewe. Ukwato ukiwa mkononi, kwangua kutoka kisiginoni kwenda mbele, usirudi nyuma, ili ncha ya chuma isichome ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Mitaro miwili iliyo kando ya pembetatu hiyo isafishwe mpaka chini. Kisha, na hapa ndipo watoto hucheka, mzee huwaambia, "Sasa nusa." Ukwato mzima hunuka udongo na mavi, harufu ya kawaida tu. Ulioanza kuoza hunuka vibaya kiasi kwamba hutauliza, na kwenye mitaro hutoka uchafu mweusi unaonata. Majira ya mvua, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Lang'ata au Kitengela, uozo huu huingia haraka. Dawa yake ya kwanza ni zizi kavu na mtoto anayenusa kila siku. Fundi wa kwato naye aje kila wiki sita hadi nane, na asije siku mbili kabla ya mashindano. Akija siku kumi kabla, farasi atakuwa amezoea viatu vipya, na msumari uliokaa vibaya utakuwa umeshajionyesha.

Chakula: msikiongeze kwa sababu ya mashindano. Kosa hili naliona kila msimu. Mzazi anaona mtoto anafanya kazi zaidi, anahisi farasi naye anahitaji nguvu, anaagiza magunia ya nafaka. Nguvu za ziada za poni haziendi kwenye kuruka vizuri. Zinakwenda kwenye kuruka asipotakiwa. Msingi ni nyasi kavu, kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, hivyo poni wa kilo 250 ale kama kilo nne hadi tano, zikigawanywa mara nyingi kwa sababu tumbo lake ni dogo na limeumbwa kula kidogo kidogo kutwa nzima. Lusani ni tamu kwake na ina nguvu nyingi, iwe kidogo. Nyasi mbichi zinazochipua baada ya mvua humletea poni ugonjwa wa kwato kupata moto, anasimama ameegemea nyuma kama anakanyaga makaa. Mabadiliko yoyote ya chakula yachukue siku saba hadi kumi. Na karoti za zawadi zikatwe kwa urefu, si mviringo, zisimkabe.

Mazoezi ya kupanda ni kazi ya mwalimu wenu na sitamwingilia sana. Nitasema tu kwamba siku nne au tano kwa wiki, dakika 30 hadi 45, zinamtosha poni na zinamtosha mtoto. Zisifanane. Siku moja mzunguko na miendo: kutembea, mwendo wa matiti, shoti ndogo, kusimama. Siku nyingine fito zilizolazwa chini. Siku moja toka nje kabisa ya uwanja, upite njia za changarawe, ukutane na bodaboda na mbuzi, farasi akumbuke kuwa dunia ni pana. Na siku ya kupumzika iwe ya kupumzika.

Katika mashindano madogo ya watoto, sehemu inayowatia hofu zaidi ni dresaji, ingawa ndiyo rahisi kuandaliwa nyumbani. Uwanja ni wa mita 20 kwa 40, una herufi pembeni, na mtoto hufuata njia iliyoandikwa huku mwamuzi akimpa alama 0 hadi 10 kwa kila kipengele. Jumla hugeuzwa kuwa asilimia. Wengi huwapitisha farasi zao njia hiyo tena na tena mpaka farasi anaikariri, kisha siku ya siku anaanza kukimbia kabla hajaambiwa, kwa kuwa anajua pale kwenye kona ndipo huwa tunaanza. Anayetakiwa kukariri ni mtoto. Ondoeni meza sebuleni, andikeni herufi kwenye karatasi, mzibandike kwa mpangilio wake, kisha mtoto aipite kwa miguu yake mwenyewe, akibadilisha mwendo panapostahili. Kwa kufuata saa, kuanzia mlangoni, herufi ni A, K, E, H, C, M, B, F. Watoto wa Kiingereza wana sentensi yao ya kuzikumbuka. Wetu watunge yao. Niliyoisikia ikanifurahisha ni hii: Asha Kala Embe, Hamisi Chungwa, Mama Balungi, Fenesi. Kaka mdogo akikaa kwenye C na daftari akatoa alama bila huruma, mazoezi yatakuwa kamili.

Jambo moja ambalo mwamuzi huliona hata kabla hajasikia jina la mtoto ni pembe. Mtoto mwenye haraka hukata pembe, na uwanja wake unageuka yai. Mwambie aingie ndani ya kila pembe kadiri farasi wake anavyoweza kukunja, na duara liwe duara. Haya hayahitaji farasi wa bei mbaya. Alama nyingi za darasa la wanaoanza zimelala hapo zinasubiri wa kuziokota.

Kuruka viunzi kuna hesabu yake. Kuangusha fito ni makosa manne. Farasi akikataa mara ya kwanza ni manne vilevile. Kuanguka ni kutolewa. Kanuni za kukataa mara ya pili na ya tatu hutofautiana, zisomwe kwenye ratiba ya mashindano husika. Kabla ya darasa kuanza, wapandaji huruhusiwa kuutembelea uwanja kwa miguu. Hapa mtoto aende na mwalimu, na mzazi abaki nje ya kamba. Aupite mstari uleule atakaoupita juu ya farasi, akigeukia palepale atakapogeukia, na katikati ya viunzi viwili ahesabu hatua. Hatua ya mtu mzima ya sentimita 90 mara nne hukaribia hatua moja ya shoti ya farasi mkubwa, yaani mita 3.6, ya poni ni fupi zaidi, kwa hiyo mtoto ajue kabisa ya poni wake, kwa kuwa ameipima kwao. Na ajue hivi: farasi huona vizuri buluu na njano, lakini nyekundu na kijani humchanganya. Kinachomtisha mara nyingi si urefu wa kiunzi. Ni kitu kigeni kilichowekwa chini yake. Wiki hizi sita, wekeni chini ya fito kila kitu mlichonacho: ndoo ya buluu, turubai, gunia tupu, mwavuli uliofunguliwa. Chezeni na redio kwa sauti kubwa kando ya uwanja. Akilizoea turubai nyumbani, kitambaa cha mdhamini hakitamshangaza.

Usalama sitaki kuuwekea utani. Kofia ngumu ikae kichwani tangu mtoto anapoingia zizini, maana teke halingojei mtu apande. Ikae sawa juu ya nyusi, kamba ikifungwa isitikisike, na ikishapata pigo la kuanguka ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa. Buti ziwe na kisigino. Raba za shule huteleza mpaka mguu mzima unapita kwenye kikuku, na hilo ndilo anguko baya kuliko yote, kwa sababu farasi huondoka naye. Kamba ya kumwongozea isizungushwe mkononi hata mara moja. Mkanda wa tumbo ukazwe kidogo kidogo: mara ya kwanza zizini, mara ya pili baada ya hatua chache, mara ya tatu kabla ya kupanda, kwa kuwa poni wajanja huvuta pumzi tumbo likaumuka, wakaitoa baadaye, na tandiko likaanza kuteremka. Anayeukagua mkanda mara hiyo ya mwisho ni mtoto, kisha saisi, kisha mwalimu. Watu watatu. Sijali kama inaonekana kupita kiasi.

Lori nalo lifanyiwe mazoezi. Farasi wengi wanaoharibu siku huwa wameharibikia ngazini, alfajiri, mtoto analia na baba anatazama saa. Wiki mbili kabla, lori likiwa limeegeshwa penye kivuli na ngazi imeshuka, mwingizeni, mpeni nyasi zake, mtoeni. Fanyeni hivyo mpaka aone ni mahali pa kulia chakula. Siku yenyewe chukueni maji ya nyumbani katika madumu. Baadhi ya farasi hukataa maji yenye ladha ngeni, na farasi aliyetoka Limuru hadi uwanja wa maonyesho wa Jamhuri asinywe atakuwa amechoka kabla ya darasa lake.

Jioni ya mwisho ni ya usafi. Kama poni ni mweupe, lazima aogeshwe mapema jua lingalipo akauke, na mtoto akubali mapema kwamba kesho alfajiri atakuta doa la kijani pajani, sehemu aliyoilalia. Ndoo, brashi na subira. Manyoya ya shingoni yasukwe vifundo kwa uzi na sindano, yakiwa yameloweshwa kidogo; binti aliyezoea kusuka nywele za wenzake humshinda mwalimu hapa. Sindano zihesabiwe kabla na baada. Iliyopotea kwenye matandazo ya zizi itapatikana na ulimi wa farasi. Tandiko lipakwe sabuni ya ngozi, na wakati mtoto analisugua avute kila mshono wa vikuku na wa hatamu kwa nguvu zake zote: uzi uliolegea ukatikie sebuleni.

Kisha akae na kalamu apange saa zake kwa kurudi nyuma. Darasa ni saa tatu asubuhi, kupasha mwili joto kunataka dakika 25, kutandika, 20, kuteremsha na kumtembeza, 30, barabara, saa moja na foleni yake. Atagundua mwenyewe kwamba anapaswa kuamka alfajiri, na hutahitaji kumwamsha.

Uwanjani, mzazi ana kazi chache. Beba maji, shika koti, nyamaza. Sauti ya kuelekeza iwe moja, ya mwalimu. Mtoto anayesikia "Visigino chini!" kutoka kushoto na "Angalia mbele!" kutoka kulia hafanyi lolote kati ya hayo. Kwenye uwanja wa kupasha joto, wanaokutana hupishana mkono wa kushoto kwa mkono wa kushoto, na farasi aliyefungwa utepe mwekundu mkiani hupiga teke. Mtoto akae mbali naye kwa urefu wa farasi wawili. Kengele ikilia asikurupuke. Kuna muda baada yake wa kuanza, na pumzi moja ndefu inaingia ndani yake. Farasi akikataa kiunzi, au mtoto akisahau njia, mwamuzi atamsaidia au atamtoa kwa adabu, naye atoke akimpapasa shingo. Akimchapa farasi kwa hasira, mashindano ya siku hiyo yaishie hapo, na uamuzi huo uwe wa mzazi, hata kama mwamuzi hakuona.

Akishashuka, kuna mambo kabla ya soda na picha. Alegeze mkanda, amtembeze mpaka pumzi irudi kawaida, ambayo kwa farasi aliyetulia ni mara 8 hadi 16 kwa dakika, ampe maji, amwoshe jasho la chini ya tandiko, apapase miguu minne kwa kiganja akitafuta joto au uvimbe, na akwangue kwato tena. Vifundo vya shingoni vifunguliwe siku hiyohiyo, vikikaa usiku humwasha akajisugua ukutani. Saisi ashukuriwe kwa maneno na kwa mkono, na anayeshukuru awe mtoto.

Kesho yake farasi apumzike malishoni, miguu ipapaswe tena, maana uvimbe mwingine huchelewa. Mtoto akirudi zizini aje na karatasi ya mwamuzi, asome kila kipengele pamoja na mwalimu wake, achore duara kwenye alama ndogo kuliko zote, na mazoezi ya wiki hiyo yaanzie hapo.